Gramu Ishirini

Kijiwe cha kahawa cha Ambokile kipo Iyunga, kando ya barabara kuu, pale ambapo malori yatokayo Tunduma hupunguza mwendo kabla ya kuingia mjini. Ni benchi mbili za mbao zilizokaa kuliangalia jiko la mkaa, na juu ya jiko kuna birika jeusi ambalo mpini wake umefungwa kitambaa. Mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ikishakolea, watu pale hukumbatia kikombe kwa viganja viwili kwanza, kunywa baadaye. Pembeni ya benchi Esnath ana kibanda chake cha maharage, na kwa kuwa anauza kwa kopo la sado, kijiwe kizima kinamwita Mama Sado. Kwenye benchi hukaa Shedrack, dereva wa malori aliyepumzika kazi, jina lake la pale ni Tani Thelathini. Hukaa Clement, aliyefundisha hesabu sekondari mpaka akastaafu, ambaye hata wajukuu zake wanamwita Desimali. Na kuna Mzee Masanja, Msukuma aliyetokea mbuga za Usangu kuja kuishi kwa mwanawe Kulwa baada ya kufiwa na mke. Huyu hawajampa jina la utani. Anasikiliza tu, anakunywa kahawa yake, anaaga.

Asubuhi hiyo alifika akiwa ameshika simu kama mtu aliyeokota kitu na hajui cha nani. Alikaa mwisho wa benchi. Ambokile akammiminia bila kuulizwa.

— Gramu ishirini ni kitu gani? Masanja aliuliza.

Ambokile aliacha kumimina. Katika muda wote aliomfahamu mzee huyu hakuwahi kumsikia akianzisha mazungumzo.

— Ishirini za nini, mzee? Esnath aliuliza kutoka kibandani. Za chumvi au za majani ya chai?

— Za mtu.

Wakageuka wote kumtazama. Walijua kwamba Kalista, mke wa Kulwa, alikuwa amejifungua kabla ya wakati na kwamba mtoto alibaki hospitali pamoja na mama yake. Zaidi ya hapo hawakujua, kwa kuwa Masanja hakusema na wao waliogopa kuuliza. Sasa alisema yote kwa mara moja, polepole, macho yake yakiwa kwenye mkaa.

Mtoto alizaliwa na gramu mia tisa na sitini. Kila walipompima akawa anashuka, mpaka akafika mia tisa. Wauguzi walisema ni kawaida, watoto wote hushuka kwanza, lakini Kulwa alipokuwa akisimulia hayo sauti yake haikuwa ya kawaida. Leo alfajiri wamempima tena. Kulwa amepiga simu akihema kama aliyetoka kukimbia: baba, amepanda gramu ishirini.

— Nikamwambia namshukuru Mungu, Masanja alisema. Niliona ndicho anachotaka kusikia. Lakini nimekaa kitandani nikajiuliza, namshukuru kwa kitu gani. Sijui ni kikubwa au ni kidogo. Mtoto mwenyewe sijamuona. Chumba kile anaingia mama, na baba kwa saa zake. Babu haingii. Kwa hiyo mimi mjukuu wangu nimeletewa namba tu. Kila asubuhi namba.

Lori lilipita, benchi likatetemeka kidogo chini yao.

Shedrack ndiye aliyeanza, maana ukimya humkaa vibaya.

— Mzee, mimi nikuambie kwa upande wangu. Nimebeba mzigo miaka yangu yote. Mizani ya barabarani haioni gramu ishirini. Haioni hata kilo ishirini. Dereva akishuka kujisaidia, lori linapungua zaidi ya hapo. Lakini uzito nimeujua, na uzito una siri zake. Nimewahi kubeba vitunguu Ruaha Mbuyuni, tumevipima pale chini, joto kali. Nikapanda Kitonga, nikapita Ipogolo, nikaja mpaka hapa Mbeya. Tukapima. Vimepungua.

— Vilikauka, Esnath alisema. Au mlikula.

— Vitunguu vibichi, nani anakula? Nakuambia ni mlima. Kadiri unavyopanda, kitu kinakuwa chepesi. Huyu mtoto tatizo lake ni Mbeya. Mpeleke Mbuyuni, palepale kwenye mibuyu, umpime. Utakuta ana kilo na chenji.

Masanja alimgeukia Clement aone kama ni utani. Clement alikuwa anafuta miwani kwa ncha ya koti, na hakucheka.

— Hapo ndugu yetu amechanganya mambo, alisema. Vitunguu vilikauka. Lakini kwamba kitu ni chepesi zaidi huku juu, ni kweli.

— Kweli? Shedrack aliuliza. Yeye mwenyewe hakutegemea.

— Dunia inatuvuta kwenda chini. Ukipanda mlima unakuwa mbali kidogo na tumbo la dunia, mvuto unapungua. Unapungua kidogo mno, mizani ya Mama Sado haiwezi kuuona. Ila upo. Mtu wa Dar es Salaam akija hapa anakuwa mwepesi kuliko alivyotoka kwao, wala hajui.

Masanja alitazama miguu yake chini ya benchi. Miaka yote aliyokaa Usangu, na sasa huku juu, hakuwahi kufikiri kwamba ardhi inamshika, tena kwamba inamshika tofauti kila anapohamia.

— Hayo ya mlima hayamsaidii mzee, Esnath alisema. Alikuwa ametoka kibandani, amejifunga kanga mbili kwa ajili ya baridi. Mzee, walisema ana wiki ngapi?

— Walisema wiki ishirini na nane.

— Basi ni miezi saba, Shedrack alisema. Ishirini na nane gawa kwa nne.

— Gwe Shedrack, ukigawa hivyo, mtoto aliyetimia wiki zake arobaini amekaa tumboni miezi kumi, Esnath alisema. Umewahi kumuona mwanamke wa miezi kumi? Mwezi una wiki nne na siku za juu. Na wenzetu wa hospitali wanaanza kuhesabu mapema. Wanahesabu tangu mama alipoona siku zake mara ya mwisho. Mimba yenyewe inakuja baadaye.

— Wanahesabu siku ambazo mtoto hayupo? Masanja aliuliza.

— Ndiyo. Zile za mwanzo anahesabiwa na hayupo bado.

Masanja alirudia maneno hayo moyoni. Anahesabiwa na hayupo bado. Aliwaza kwamba kuna mahali kwenye karatasi za hospitali mjukuu wake alianza kuwa na umri kabla ya kuwa mtu, kabla Kulwa na Kalista hawajajua kwamba watakuwa wazazi. Ng'ombe naye hubeba miezi kama ya mwanamke, hilo alilijua toka utoto. Lakini kwa ng'ombe waliangalia mwezi angani na mvua, na ndama alianza kuhesabiwa siku aliposimama.

— Mwalimu, alisema, nirudishe kwenye gramu. Ilitoka wapi?

Clement alivaa miwani yake. Swali kama hilo alikuwa amelisubiri darasani miaka mingi na wanafunzi wake hawakuliuliza.

— Gramu ilitoka kwenye maji, alisema. Watu wa Ufaransa zamani walichoka. Kila mji ulikuwa na vipimo vyake, sado ya huku siyo sado ya kule. Wakasema tutafute kipimo ambacho hakuna mfalme wala tajiri anayeweza kukibadilisha. Wakaipima dunia yenyewe, wakaigawa, kipande wakakiita mita. Kutoka kwenye mita wakapata lita. Lita moja ya maji wakaiita kilo. Yaani ukishika kilo ya sukari, ndani yake kuna maji, na ndani ya maji kuna dunia iliyokatwa vipande.

— Sado yangu haina shida, Esnath alisema.

— Sijasema ina shida, mama. Sasa maji yana matatizo yake, yana joto, yana baridi. Wakatengeneza kipande cha chuma cha thamani, kizito, wakasema hiki ndicho kilo. Wakakifungia chini ya vifuniko vya kioo. Kila jiwe la mizani duniani, hata hayo ya Mama Sado, ni kitukuu cha kile kipande. Kilikaa humo miaka mingi. Siku moja wakakitoa, wakakilinganisha na ndugu zake waliotengenezwa nacho. Wakakuta hakilingani nao tena.

— Kimeibiwa, Shedrack alisema.

— Hakijaibiwa. Tofauti ilikuwa ndogo kama ile alama unayoacha ukigusa kioo kwa kidole. Lakini ipo.

— Kilipungua, Masanja alisema.

— Hapo sasa. Wataalamu walikaa kimya hapo. Mzee, huwezi kusema kilo imepungua, maana kile ndicho kilo. Chochote kilicho sawa na kile ni kilo. Kwa hiyo kwa sheria yao, kama hakilingani na vingine, basi si chenyewe kilichopungua. Ni vingine vyote vilivyoongezeka.

Ambokile alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko na koleo la makaa mkononi. Alibaki hivyo.

— Vyote? aliuliza. Na sisi?

— Na sisi.

— Ina maana kuna siku, Shedrack alisema taratibu, nilikuwa nimelala kwenye lori langu, na mzigo wangu, na tumbo langu, na mlima wote ule wa Mbeya, tukaongezeka uzito kwa pamoja. Na trafiki hajui.

— Kwa maandishi, ndiyo.

Hakuna aliyecheka. Walikaa wakiutazama mlima, ambao kilele chake kilikuwa bado kwenye wingu. Masanja alisikia kitu kikimpanda kifuani, si hofu wala si furaha, kile kinachompata mtu akisimama peke yake mbugani usiku wa nyota nyingi. Alidhani namba zinazokuja kwenye simu ya Kulwa ni kitu kigumu, kama msumari. Kumbe na zenyewe zimesimama juu ya kitu kinachoweza kupungua huku kimefunikwa kioo.

— Na sasa hivi? aliuliza. Mjukuu wangu anapimwa kwa kile chuma?

— Hapana. Kile walikiacha, juzijuzi tu, mwaka elfu mbili na kumi na tisa. Sasa kilo wanaitoa kwenye namba moja ya maumbile, inayohusu mwanga na vitu vidogo ambavyo jicho halivioni. Mimi mwenyewe sizielewi hesabu zake, nisiwadanganye. Ila wanasema namba hiyo haipungui. Ni ileile hapa Iyunga, ileile mwezini, ileile kabla ya sisi kuwepo.

Masanja alinywa kahawa iliyobaki. Ilikuwa imepoa.

— Sisi ng'ombe hatukuhesabu, alisema.

Ambokile aliweka koleo chini.

— Baba yangu alikuwa na ng'ombe wengi. Tulitoka nao Shinyanga tukaja nao Usangu kwa miguu. Jioni wakiingia zizini alisimama mlangoni, hasemi moja wala mbili. Wakishapita wote anasema, yule mwekundu mwenye pembe ya kuanguka hayupo. Tunarudi porini, tunamkuta. Nilimuuliza unajuaje, na hujahesabu. Akasema, ulimi unajuaje kwamba jino limetoka? Na watu ndiyo kabisa. Mama yangu ukimuuliza una watoto wangapi anakutajia mmoja mmoja, anakunja kidole. Idadi hasemi. Aliogopa kuisema.

— Kwa nini? Ambokile aliuliza.

— Sikumuuliza. Labda aliona ukishataja idadi umempa mtu mwingine nafasi ya kuipunguza.

— Na bibi yangu kule Tukuyu alikuwa hivyohivyo, Ambokile alisema. Anakutajia majina mpaka unachoka.

— Hiyo nayo ni hesabu, Clement alisema. Watu wamehesabu kwa njia nyingi, mzee. Sisi tunahesabu kwa kumi kwa sababu ya vidole. Kuna watu wa kale walihesabu kwa sitini, na mpaka leo tunawafuata bila kujua, dakika sitini, sekunde sitini. Na hiyo simu uliyoshika, ndani yake hakuna kumi wala ishirini. Mashine hizi zinajua mambo mawili tu. Kitu kipo, au hakipo. Basi. Sauti ya Kulwa, picha, hela, kila kitu humo ndani ni ipo, haipo, ipo, ipo, haipo, kwa kasi ambayo huwezi kuifikiria.

Masanja aliigeuza simu mkononi, akaitazama upande wa nyuma.

— Kwa hiyo Kulwa aliponiambia gramu ishirini, hii ilisema nini?

— Ilisema ipo na haipo, mara nyingi sana.

— Basi mzee, Ambokile alisema akiinuka, hesabu ya mashine inatosha. Mtoto yupo.

Yupo. Masanja aliitikia kwa kichwa. Neno lilimwingia vizuri, lakini halikumaliza kiu yake.

— Yupo, alisema. Lakini jana alikuwepo, na leo yupo zaidi. Hiyo zaidi ndiyo nimeuliza. Ni kiasi gani?

Hapo Esnath aliingia kibandani. Walimsikia akisogeza madebe. Akatoka na mizani ya zamani, ile ya sahani mbili na mkono katikati, ambayo huitumia kwa wateja wanaodai kilo kamili, na mfuko wa mawe yake ya chuma. Akaiweka juu ya meza ya Ambokile, akasogeza vikombe.

— Maneno tumesema, alisema. Tupime.

Aliweka mawe kwenye sahani moja: la nusu kilo, la robo, la gramu mia, la gramu hamsini. Clement akajumlisha kwa sauti ya chini na kusema ni mia tisa barabara. Esnath akavua kanga yake moja, ya juu. Akaanza kumimina maharage kwenye sahani ya pili, konzi kwa konzi, halafu punje kwa punje, mpaka mkono wa mizani ukalala sawa. Akayamwaga maharage yale kwenye kanga.

— Huyu ni wa jana, alisema.

— Bado ishirini, Shedrack alisema.

— Jiwe la ishirini sina. Nani ananunua maharage ya gramu ishirini?

Walitazamana. Masanja alidhani yameishia hapo, akaanza kutafuta maneno ya kushukuru. Ila Clement alikuwa anautazama mfuko wa koti la Shedrack, ambamo chupa ya dawa ya kikohozi ilikuwa imechungulia, na juu ya kifuniko chake kile kikombe cha plastiki cha kupimia.

— Dereva, nipe hicho kikombe. Kina mistari?

Shedrack alikisogeza karibu na macho.

— Kina mstari wa mililita kumi.

— Basi jiwe tunalo. Mililita moja ya maji ni gramu moja. Nimewaambia gramu ilitoka kwenye maji. Ambokile, lete vikombe viwili vya kahawa vinavyofanana, na maji safi.

Waliweka kikombe kitupu kwenye kila sahani, mizani ikakaa sawa. Clement akainama, akajaza kikombe cha dawa mpaka kwenye mstari, akakimimina kwenye kikombe cha kahawa cha kushoto. Akajaza tena, akamimina tena. Sahani ya kushoto ikashuka.

Masanja alisimama. Alitaka kuona maji yale. Yalikuwa kidogo chini ya kikombe, kama ya mtu aliyekunywa akabakiza, mafunda mawili ya mtoto.

— Weka wewe, mzee, Esnath alimwambia, akamsogezea debe la maharage.

Masanja alichota kwa ncha za vidole. Akatia kwenye kikombe cha kulia punje chache, sahani haikutikisika. Akatia nyingine. Malori yalipita na hakuna aliyegeuka. Alikuwa akitia punje moja moja kama mtu anayepanda mbegu kwenye shamba ambalo hana uhakika nalo, na punje ya mwisho ilipoanguka, sahani ya kulia ilipumua, ikashuka, ikapanda kidogo, ikatulia usawa wa mwenzake.

Clement alikichukua kikombe, akayamimina maharage yale kwenye kiganja cha Masanja.

— Hizo, alisema.

Yalijaa kiganja. Masanja alitegemea kuona kitu cha kuhurumiwa, punje tatu au nne. Hizi zilijaa, nyingine zikataka kumwagika, akaukunja mkono kuzizuia. Alizisikia zilivyo baridi na laini. Jana hazikuwepo. Kati ya jana na leo, ndani ya chumba kile asichoruhusiwa kuingia, Kalista alikamua maziwa, wakayapitisha kwenye mrija mwembamba, na yale maziwa yakageuka mtu. Kiganja kizima cha mtu.

— Ni nyingi, alisema.

— Kwa mwenye mia tisa, ni nyingi sana, Clement alisema. Ni kama wewe ulale uamke na kilo nzima ya nyama mwilini, na zaidi.

Masanja aliyamimina maharage yale juu ya mengine kwenye kanga. Esnath akakusanya pembe za kanga, akazifunga, akalilaza fungu juu ya mikono ya mzee, siyo kama mtu anavyompa mteja bidhaa. Alilipitisha kwa kulishika chini kwa mikono yote miwili, na Masanja akalipokea vivyo hivyo bila kufundishwa. Maharage yalisogea ndani ya kitambaa, yakajipanga, yakalala kwenye mkunjo wa kiwiko chake.

Lilikuwa jepesi. Mara ngapi amenyanyua ndama aliyezaliwa leo, akamtupa begani, akavuka naye mto. Hiki kilikuwa chepesi kiasi kwamba alilazimika kukiangalia ili aamini amekishika. Lakini hakikuwa si kitu. Kilikuwa na uzito wake, kimeegemea mkono wake, kinamvuta chini kwa nguvu zile alizosema Clement, nguvu zilezile zinazoushika mlima. Dunia nzima ilikuwa inamjua mtoto huyu. Masanja alikaa benchini polepole, akaanza kutikisa magoti bila kujua kwamba anayatikisa.

Shedrack alivua kofia yake. Hakujua kwa nini, akaishika tu mapajani.

Mwanamke kijana alikuja akitokea upande wa sokoni, kikapu mkononi, anataka maharage. Aliitwa Ikupa, alikuwa amehamia jirani na hapo wiki hiyo na hakuna aliyekuwa anamfahamu vizuri. Alipoona mzee amekaa na kitu kwenye kanga, na watu wazima wamemzunguka kimya, alipunguza hatua, na sauti.

— Shikamoo babu. Hongera. Amelala?

— Marahaba, Masanja alisema.

— Anaitwa nani?

Ambokile alikohoa. Esnath akamshika Ikupa mkono, akamsogeza pembeni kidogo.

— Ni maharage, mwanangu, alimwambia, akamweleza kwa kifupi: hospitali, gramu, mizani. Ikupa alisikiliza akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Alipoondoa mkono hakuwa anacheka.

— Nimeelewa, mama. Na yule wa hospitali, anaitwa nani?

Esnath alifungua mdomo, akamtazama Shedrack. Shedrack akamtazama Clement. Walikuwa wamejua uzito wa mtoto wa jana na wa leo, wamejua wiki zake, wamejua maji yaliyomo ndani ya gramu zake na chuma kilichofungiwa kwa ajili ya kilo yake. Wote wakamtazama Masanja.

Mtoto hakuwa na jina. Siku ile ya kwanza Kulwa alimwomba jina, kwa kuwa jina kwao hutolewa na babu, na yeye alijibu, tusubiri kidogo. Hakueleza sababu, na Kulwa hakuuliza. Sababu ilikuwa hii: alishazika watoto wake wawili, mmoja Shinyanga na mmoja Usangu, na majina yao mpaka leo yakimjia asubuhi humuumiza kama yamesemwa na mtu nyuma ya mlango. Aliona huyu asiye na jina, akiondoka, ataondoka kimyakimya, kama namba inayofutwa.

Aliliangalia fungu mkononi. Kisha akaitoa simu kwa mkono wa pili, akampa Ambokile ampigie, maana hakutaka kuliweka fungu chini.

— Kulwa, alisema simu ilipowekwa sikioni mwake. Huyo mtoto, mwandikisheni jina.

— Jina gani, baba?

— Nkuba.

Nkuba kwa Kisukuma ni radi. Lilikuwa jina la baba yake Masanja, yule aliyesimama mlangoni mwa zizi, mtu mrefu ambaye akiita ng'ombe ng'ambo ya mto, mbwa wa vijiji viwili walibweka.

— Baba, Kulwa alisema taratibu, huyu ana gramu mia tisa na ishirini.

— Najua. Nimemshika.

Upande wa pili Kulwa aliongea na mtu pembeni yake, maneno hayakusikika. Halafu kikasikika kicheko, kidogo, kimechoka, cha mwanamke.

— Kalista anasema jina ni zito kuliko mwenyewe.

Masanja aliendelea kuiegemeza simu sikioni mpaka kicheko kile kilipokwisha, na hata kilipokwisha hakuiondoa upesi. Alikuwa hajamsikia mkwewe akicheka tangu walipompeleka hospitali.

Aliposimama alitaka kumrudishia Esnath kanga na maharage yake. Esnath alikuwa tayari amegeuka kumpimia Ikupa, akajibu bila kugeuka.

— Nenda nayo, mzee. Huyo mama anayekamua maziwa anatakiwa ale.

Masanja akaaga. Alishika njia ya hospitali akiwa amelikumbatia fungu lile kifuani, ndani ya koti kwa sababu ya upepo, akitembea pembeni kabisa mwa barabara, mbali na malori.